Banda la Mkonge

Kazi yangu ni kupamba mabanda ya wauza vikapu na baraza za hoteli, kuanzia Tanga mjini kushuka Pangani hadi Ushongo. Wenye hoteli wengi huniita picha ikiwa tayari kwenye simu: Mmasai anaruka, twiga, jua linazama nyuma ya mgunga. Huwauliza kama mgeni amekuja Pangani kutazama Ngorongoro. Wengine hucheka, wengine hununa. Mmoja alitaka nimkatie mikoko nimjengee banda "la asili". Nilikataa. Mikoko ndiyo inayoshika pwani yetu, na kuikata bila kibali ni kosa.

Mimi hujengea milingoti ya mkonge. Mkonge huchanua mara moja tu, kisha hufa, kwa hiyo anayechukua mlingoti wake hajaua kitu. Uache ukauke ukiwa umesimama shambani. Ukiukata mbichi utanywea na vifungo vyote vilegee. Msumari haushiki, maana ndani ni laini kama sifongo. Tunafunga kwa kamba ya katani, mkonge kwa mkonge.

Na banda hilo lina habari zake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikokwe, jirani na Pangani. Dada muuzaji humweleza mgeni hayo huku ameegemea nguzo yenyewe, bila kibao chochote ukutani. Nawasihi tu wauzaji wasiishie kwa Hindorf. Wataje na manamba, vibarua waliotoka mbali kuja kukata mkonge huo.

Ukuta wa nyuma naupaka chokaa, si rangi ya mafuta: ukuta wa mawe ya matumbawe unahitaji kupumua, na juu ya weupe ule ukili wa rangi unaonekana vizuri. Rafu ya mbele haipewi pambo. Hapo hukaa kikapu cha sokoni, chenye mishikio ya kubeba nazi na samaki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, wenyeji nao wananunua vikapu hivyo, ilhali mgeni huja kwa msimu tu.

Mwenye hoteli anayetaka banda kama hilo aniite mapema, milingoti ipate kukauka. Na kwenye bajeti yake aandike kwanza fungu la msukaji wa vikapu, langu lifuate.