Ngoma Isiyo na Maksi

Mjukuu wangu yuko darasa la tano. Jioni moja nilimsimulia jinsi tulivyocheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, shuleni, hapa hapa Kirumba, Mwanza. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza: "Ilikuwa na maksi ngapi, babu?" Nikamwambia haikuwa na maksi. Akashangaa. Sasa walimu walijisumbua kwa nini?

Shule yetu ilikuwa karibu na mwalo, na wengi wetu tulikuwa watoto wa wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Ziwa na shule vilitugombea. Usiku wa giza mitumbwi ilitoka na karabai, alfajiri ikarudi, na kila mtoto mwenye nguvu za kuinua ndoo alikuwa na kazi pale: kushusha, kubeba, kuanika mchangani. Aliyebeba alipewa chochote cha kupeleka nyumbani, na aliyekwenda shule alirudi mikono mitupu. Viboko vya utoro havikufua dafu.

Aliyeliweza ziwa ni mwalimu wetu wa utamaduni, mama mmoja aliyesomea Butimba, chuo kinachojulikana tangu zamani kwa kufundisha walimu muziki, sanaa za ufundi na sanaa za maonyesho. Darasani kwetu kulikuwa na kijana mtoro kupindukia, na siku alizokuja alikuwa akipiga dawati kwa vidole mpaka anatolewa nje. Mama yule akamkabidhi ngoma kubwa. Asubuhi za ziwani ngozi hunywa unyevu ikalegea, na ngoma iliyolegea haitoi sauti, hivyo lazima ioteshwe moto. Kazi hiyo akapewa yeye. Alikuja moja kwa moja kutoka mwaloni, magamba yamemganda mikononi, ananuka dagaa, akawasha nyasi kavu na kuizungusha ngoma taratibu mbele ya moto. Aligonga ukingoni, akagonga katikati, akatega sikio, akaizungusha tena. Wala hakuna aliyeruhusiwa kumharakisha. Kengele ilipolia alikuwa tayari yuko shuleni. Alimaliza la saba.

Nguo za kuchezea hazikuwapo. Palikuwa na duka la kona lenye kibaraza cha saruji, la mzee mmoja wa Kikerewe, lenye harufu ya mafuta ya taa, sabuni ya kipande na magunia. Mzee yule alituwekea visoda vyote vya chupa alizofungua kwenye debe chini ya meza. Ijumaa tulilibeba debe, tukaviponda visoda kwa jiwe, tukavitoboa kwa msumari na kuvitunga kwenye waya kuwa njuga. Magunia ya katani yaliyotoboka alitupa bure, tukayafumua nyuzi, tukasuka sketi. Hakuwa na mtoto shuleni kwetu. Ila kila tulipokwenda kuchukua debe alitutaka tucheze kidogo pale kibarazani, na aliyekosea hatua alimrudisha mwanzo. Mpaka leo nikisikia harufu ya gunia la katani, miguu yangu hukumbuka mpangilio wa hatua zile kabla sijaukumbuka mimi.

Tulikuwa pia na ngonjera. Vitabu vya mshairi Mathias Mnyampala, Ngonjera za UKUTA, vilitoka 1970 na 1971, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki, na baada ya hapo ngonjera zikaenea shule kwa shule. Watu huzikumbuka kama mashairi ya kusifu siasa tu, na nyingi zilikuwa hivyo. Mwalimu wetu yule alizitumia vingine. Ulipoingia msimu wa kipindupindu alitaka ngonjera ya kuchemsha maji, lakini kabla hatujaandika ubeti hata mmoja alitutuma mwaloni kuwauliza akina mama kwa nini hawachemshi. Tukarudi na majibu yao: mkaa ghali, sufuria ni moja na ugali unasubiri, maji yaliyochemshwa hayana ladha. Majibu hayo akayatia yote kwenye kinywa cha yule mbishi wa ngonjera, bila kumfanya mjinga, na upande wa pili ukalazimika kujibu hoja ya mkaa kwa hoja. Tulikuwa na miaka kumi na kitu, na tayari tunajifunza kumsikiliza mtu tusiyekubaliana naye.

Alitupeleka Bujora, kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, tukaona tamasha la ngoma la Bulabo. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji. Nyoka, fisi, majembe yanayorushwa juu na kudakwa, yote ni kwa ajili ya kumfanya mtu ahame upande ule aje upande huu. Baadaye tulicheza halaiki Uwanja wa CCM Kirumba. Dada yangu anashikilia kwamba ilikuwa 1980, mwaka ule ule uwanja ulipofunguliwa. Mimi nasema ni mwaka uliofuata. Vyovyote iwavyo, jua lilikuwa kali na hatukukosea.

Kisha mambo yakaenda mbio. Ukata ukaingia shuleni, ngoma zikapasuka na hakuna aliyeziwamba upya. Vikaja viwanda vya minofu ya sangara, mwalo ukawa na fedha ambayo shule haikuweza kushindana nayo. Madarasa yakafurika. Mtaala wa 2005 ukatuletea Stadi za Kazi na Haiba na Michezo, vipindi ambavyo shule nyingi nilizozijua zilivigeuza kuwa vya hisabati mtihani ulipokaribia. Leo kwenye mahafali watoto wanakatikia muziki wa spika ya kukodi.

Mtaala mpya una somo la Sanaa na Michezo, na nililifurahia hilo kwa dhati, mpaka nilipofungua daftari la mjukuu wangu. Ameandika kwa mwandiko mzuri: "Taja umuhimu wa ngoma." Chini yake hoja tano, zimenakiliwa ubaoni, zimesahihishwa kwa wino mwekundu, tano kwa tano. Hajawahi kuigusa ngoma. Hilo limeniuma kuliko kama somo lisingekuwapo kabisa.

Kwenye kikao cha wazazi niliomba saa moja kila Ijumaa kwa ajili ya ngoma. Mzazi mmoja akasimama akasema anataka mtoto wake awe daktari. Nikamweleza kwamba daktari huyo naye atakutana na mama asiyechemsha maji, na atahitaji kujua mkaa ni shilingi ngapi kabla hajafungua mdomo. Mwalimu mkuu hakupinga. Alisema saa itapatikana, kasoro ni mtu wa kufundisha. Nimejitolea kwenda Butimba kuulizia wahitimu, na wazazi wachache tumeshaanza kuchanga fedha ya ngozi.