Askari Aliyeketi wa Rwamgasa

Mwenzenu mchumba wangu anapenda askari wadogo wa plastiki, wale wa kuunganisha na kupaka rangi, kipimo cha 1:35. Mwanaume wa sentimita 175 anabaki na sentimita 5 tu! Tena hataki wanaopigana. Wake wanavua buti, wanakunywa chai. Mimi niliona ni utoto, na harusi ndiyo hiyo inakaribia, jamani.

Kabla ya safari ya Geita tulipita kwenye Sanamu ya Askari, Dar es Salaam. Kasimama pale tangu 1927, kainama na singe yake. “Huyu huwezi kujua hata kama ana mke,” akaniambia. Nikacheka.

Rwamgasa ni vumbi na kelele za karasha. Mchana wachimbaji wakapumzika: mmoja kaegemea kiroba cha mawe, mwingine anashona raba. Pembeni watoto walifinyanga watu wa udongo, nao wameketi vilevile! Nikanyoosha mkono nichukue mmoja.

“Acheni, hayo ni marudio!” mama mmoja akapaza sauti.

Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, na zebaki hubaki humo. Huharibu mishipa ya fahamu, watoto ndio huumia zaidi. Mradi wa Umoja wa Mataifa ulishafanya utafiti hapo Rwamgasa kuhusu zebaki, kati ya 2002 na 2007. Mama akawanawisha, akawaletea udongo wa kichuguu.

Tulirudi na askari mmoja wa kichuguu, mkono shavuni. Msomaji, ukitaka kumjua mwenzio, mtazame akipumzika. Ila angalia na alipokalia.