Mume Wangu na Nyumba Ndogo Yake

Mwenzenu siku nilipokuta dola 1,900 zimetoka kwenye akaunti yetu, sikuuliza mara mbili: huyu bwana kapata nyumba ndogo. Na kweli, jioni alirudi nayo, kaipakia juu ya pikapu!

Ilikuwa Mei 2023, hapa Minneapolis tunakoishi. Wamarekani wana hivi vibanda vya kulala vinavyopachikwa nyuma ya pikapu: kitanda kiko juu ya kichwa cha gari, jiko la gesi la plate mbili, kimeza cha kulia. Ukifika unakishusha kwa jeki nne za kwenye kona, gari linabaki huru. Hiki cha kwetu kilikuwa cha 1978 na kilinuka kama stoo iliyonyeshewa. Hela yenyewe ilikuwa ya kiwanja chetu Mwanza. Wiki mbili hatukuongea. Wala haikuwa kazi ngumu, maana mimi naingia zamu ya usiku, yeye ya mchana. Tulikuwa tunapishana mlangoni.

Jumamosi moja kelele zikanitoa ndani. Nikamkuta kabandua bati la ukutani, anatazama tu. Jamani! Kwa nje kilikuwa kizima kabisa, kumbe mbao za ndani zimeoza, unazichota kwa kijiko. Maji yalikuwa yanapenya kwenye maungio ya paa miaka na miaka bila mtu kujua.

"Nishikie hapa," akasema. Nikashika. Nikaendelea kushika mpaka Agosti: mbao mpya, plaiwudi mpya, gundi ya kuzuia maji paa zima. Na mwanaume aliyelala chini ya meza anafunga skrubu, hakuoni usoni, basi anaongea huyo! Nilisikia mambo ya kazini kwake ambayo sijawahi kuyasikia. Ila kuhusu hela, kimya.

Septemba tukaenda kaskazini, tukapita Duluth, tukashika barabara namba 61 hadi Gooseberry Falls. Ziwa Superior lilikuwa mkono wa kulia njia nzima. Ziwa Victoria letu ni la pili duniani kwa eneo kati ya maziwa yasiyo na chumvi. La kwanza ndilo hili. Ng'ambo hatukuiona.

Mume wangu, mtoto wa Musoma, akavua viatu, akaingia majini (yana baridi hayo, msijaribu), akaanza kulia. Baba mkwe alifariki 2022, na kwa ajili ya karatasi za uhamiaji hatukwenda kuzika. Siku ile hakutoa hata chozi.

"Nilitaka kuona ziwa tu, mke wangu," akasema. "Nikajua nikikuomba, utasema kiwanja."

Na ningesema kiwanja, siwadanganyi. Nilikasirika upya palepale, huku nimemkumbatia. Usiku tukakubaliana: dola 150 kila mwezi zinarudi kutoka kwenye mshahara wake, na haitoki hela tena mpaka wote wawili tujue.

Saa nane mvua ikaanza. Paa likavuja, upande wake. Nikamsogezea nafasi.