Ulindi na Uwimbombo Kando ya Mto Zigi

Wavuvi wa pwani wana neno zuri, dago: kambi ya muda anayoiweka mvuvi mbali na kwake. Mimi niliyestaafu ualimu nilikwenda dago pasipo wavu wala ndoana. Nilikaa siku mbili kando ya mto Zigi, katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1997. Aliyenialika ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa naye ana mvi zake. Tulibeba turubai, panga, sufuria na unga. Hema hatukuwa nalo.

Tulipovuka mto niliteleza, kiberiti kikalowa. Giza lilikuwa likiingia. Mwenzangu alikwisha kupanga mafiga, hakunilaumu. Alitoa mkobani kijiti kilichonyooka na kipande bapa cha mti mkavu. Kile bapa alikilaza chini, akakikanyaga. Kijiti akakisimamisha juu ya kitundu chake, akaanza kukipekecha baina ya viganja.

Hapo nikakumbuka. Kwa miaka mingi nilifundisha kwamba ulindi ndio ulalao chini, na uwimbombo ndio upekechwao juu yake. Siku moja kijana mmoja alinyoosha mkono akasema kwamba kwa babu yake ni kinyume. Nikamjibu kuwa babu yake hakuandika kamusi. Darasa zima likacheka, naye akaketi. Kamusi yenyewe sikuwa nimeifungua. Kosa lile nililitoa katika daftari langu la chuo cha ualimu.

Moshi ulifuka. Kaa dogo likaangukia makumbi ya nazi, akalipuliza taratibu.

"Huo uliosimama waitwaje?" nikamwuliza.

"Ulindi, Mwalimu."

"Na uliolala?"

"Uwimbombo. Ndivyo alivyokuwa akisema babu."

Nikamwomba radhi, kwa jibu langu na kwa kicheko cha wenzake. Alinyamaza kitambo, tukawa tunausikia mto tu. Kisha akasema, "Naomba sufuria, Mwalimu, moto umeshika."

Ndugu zangu washairi, sisi hupenda maneno ya kale kwa sababu yanatupa vina na yanapendeza masikioni. Tangu usiku ule, kabla sijalitia neno kama hilo katika ubeti, hufungua kamusi, kisha nikamtafuta mtu aliyewahi kukishika kitu chenyewe mkononi.