Kinga ikifunguliwa kwa haraka

Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, kinga ndiyo lori ya watu. Inabeba mchele na karanga kwenda sokoni, inabeba mawese katika bidoni, inabeba mama mwenye uchungu kwenda hospitali. Siku ya kukimbia inabeba bibi asiyeweza kutembea, pamoja na sufuria na godoro. Familia nyingi zilizohama Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare kwa sababu ya mapigano zilifika Kasongo zikiwa na kitu kimoja tu cha thamani, nacho ni hiyo kinga.

Kwa hiyo kinga ikiharibika, chakula cha wiki kinaharibika nayo. Na kwa kuwa franga za kumlipa fundi hazipo, watu wengi wanaitengeneza wenyewe uani, kwa kijiko, jiwe na msumari. Hakuna ubaya kutengeneza nyumbani. Ubaya ni kuifungua jioni, giza linaingia, na safari ni kesho alfajiri.

Kuna baba mmoja wa watoto sita, mhamaji kutoka upande wa Salamabila, anayekaa uani kwa familia iliyompokea Kasongo. Anaishi kwa kusukuma mizigo ya wachuuzi. Anapakia, anafunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, kisha anasukuma siku kadhaa kwa miguu hadi Kabambare na kurudi. Kinga yake ni ile nzito ya chuma, ya breki za fito, ambayo kila mtu huku anaijua. Hakuna kiungo cha kinga hiyo ambacho hajakiharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Alianza na mpira wa ndani. Ulitoboka, akautoa kwa mpini wa kijiko, akapaka kole, akabandika kiraka papo hapo, akajaza hewa. Asubuhi umelala chini. Akaubandika tena, na jioni ukalala tena. Siku ya tatu akampelekea mzee mmoja anayetengeneza kinga chini ya mwembe. Mzee hakugusa mpira kwanza. Alipitisha kidole polepole ndani ya pine, akatoa mwiba mfupi kama punje ya mchele.

"Papa, ulikuwa unaziba tundu, na mwenye kutoboa ulimwacha ndani."

Mzee akamwonyesha na mengine. Kijiko chenye makali kinabana mpira kwenye chuma cha gurudumu na kuutoboa mara mbili, matundu mawili yanayoelekeana. Kole inataka kungojewa mpaka ikauke na isishike tena kidoleni, ndipo kiraka kiwekwe. Ukibandika ikiwa majimaji, kiraka kinateleza na joto la mchana linakibandua. Mpira ukwanguliwe kwanza kwa bati lililotobolewa misumari, kiraka kipate pa kushika. Na kabla ya kuutoa mpira, pine iwekwe alama ya chaki mahali valvu ilipo. Ukiona tundu kwenye mpira, unapima kutoka kwenye valvu na unajua sehemu gani ya pine ina mwiba. Chaki ni kitu kidogo sana, lakini baba huyu anasema ndiyo iliyomwokolea viraka vingi kuliko kole yenyewe.

Mpira huu una habari yake ndefu na Kongo. John Dunlop alitengeneza gurudumu la hewa kule Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880, Ulaya ikapenda kinga, na watu wa Kongo ya Leopold wa Pili wakalazimishwa kwa kiboko kwenda porini kuleta utomvu wa mpira. Leo wajukuu wao wanaununua mpira sokoni kwa bei ya kuumiza, na bado wanaubandika juu ya viraka vya zamani.

Kosa lingine lilichekesha mtaa mzima. Mnyororo ulikuwa unalia, nyumbani hamna mafuta ya mashine, ila mawese hayakosekani. Akaupaka mawese. Siku ya kwanza ulinyamaza kabisa, akajisifu. Baada ya siku chache za vumbi jekundu, mawese yakaganda na kuwa kama uji wa mchanga, mnyororo ukaanza kujitafuna, na usiku panya wakaja kuulamba. Watoto ndio waliogundua panya.

Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Gurudumu la mbele lilikuwa linatikisika, akalifungua uani juu ya udongo mtupu, jua likizama. Gololi, zile ambazo wengine wanaziita bili, zikamwagika. Kinga nyingi za aina hii zina gololi 10 kila upande wa gurudumu la mbele na 9 kila upande wa nyuma. Yeye hakuhesabu. Aliokota alizoziona, akarudisha, akakaza kwa nguvu ili lisitikisike tena. Zilikuwa 7 upande mmoja, na mchanga umo ndani. Njiani kuelekea Kabambare gololi zilizobaki zikasogea, zikala chuma cha ndani, gurudumu likashika. Alilala siku mbili kijijini kwa watu asiowajua, akilinda mzigo wa mtu mwingine, mpaka alipopita msukumaji mwenye gololi za akiba.

Klaveti ya mkono wa pedali aliibadilisha kwa msumari uliopondwa kwa jiwe. Msumari ni chuma laini. Ulidumu hadi mlima wa kwanza.

Hasara kubwa ililetwa na usafi. Mwanawe wa kwanza, miaka 14, aliosha kinga vizuri ili kumfurahisha baba yake kabla ya safari. Akaing'arisha yote kwa mawese, na vyuma vya magurudumu pia, pale pale raba za breki zinaposhika. Baba aliiona inametameta, akamshukuru mtoto, akapakia bidoni nne za litre 20. Kwenye mteremko akavuta breki. Hakuna kitu. Aliiachia kinga isije ikamburuza, ikaingia mtaroni. Bidoni mbili zikapasuka, litre 40 za mchuuzi zikanywewa na udongo. Mkewe aliuza vitenge viwili, na deni lililobaki walililipa kwa miezi.

Baba hakumpiga kijana, ingawa majirani walitegemea hivyo. "Nani alimfundisha kupaka mawese?" mama aliuliza, na uani pakawa kimya.

Tangu hapo mama ndiye aliyeweka sheria. Kinga haifunguliwi baada ya saa kumi za jioni. Haifunguliwi juu ya udongo: kuna beseni na kipande cha kitambaa cheupe, kila kinachotoka kinalala hapo kwa mpangilio kilivyotoka, na gololi zinahesabiwa kwa sauti, mtoto wa miaka saba ndiye anayehesabu. Baada ya kazi, kinga inasukumwa uani na mzigo wa mawe, breki inavutwa mara tatu. Kilichowashinda kinapelekwa kwa mzee wa mwembe kabla hakijaharibika zaidi, hata kama ni kwa kukopa, maana bei yake haijawahi kufika litre 40 za mawese.

Kijana sasa anakaa kwa mzee huyo kila alasiri akitoka masomo. Halipwi, lakini mzee amempa ufunguo mmoja wa zamani. Wahamaji wengine wanamletea kinga zao Jumapili baada ya misa, na anaanza kila mara kwa kuuliza kitu kile kile: "Papa, pine uliipitisha kidole?"

Baba amerudi kwenye njia ya Kabambare. Katika ncha ya kitambaa, kilichofungwa chini ya kiti, ana gololi 12, klaveti ya kweli na kipande cha chaki.