Kando ya Mto, Bila Haraka

Huko Ulaya, majani ya miti yaanzapo kugeuka rangi mwezi wa Oktoba, watu wenye nafasi hutoka na motokaa zao kuitazama pwani bila haraka. Sisi wa Yahuma hatuna pwani, wala miti yetu haivui majani yote kwa pamoja. Oktoba kwetu ni mvua na matope. Lakini tunao mto. Oktoba ya mwaka 2022 tuliufuata mpaka Kisangani pamoja na mama yetu mzazi, tukitumia siku sita katika safari ambayo kijana mwenye pikipiki nzima angetumia mbili.

Sababu ilikuwa macho yake. Mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kuliziba jicho la kushoto, na la kulia lilianza kuona ukungu. Mwuguzi wa zahanati alitushauri tumpeleke Kisangani akapasuliwe. Mdogo wetu alitaka twende mbio. Mama akakataa. "Wanangu, daktari ni mtu, si Mungu. Akishindwa, nitabaki na yale niliyoyaona njiani. Nipitisheni mtoni, tena polepole." Nani angebishana naye?

Hadi Lokutu tulikwenda kwa pikipiki, mama akiwa katikati, rozari mkononi, maana njia ilikuwa ya utelezi. Lokutu iliitwa Elisabetha zamani za Wabelgiji, wakati kampuni ya Lever, iliyofanya mapatano na serikali mwaka 1911, ilipofungua huko mashamba ya michikichi. Marehemu baba alikata mikungu katika mashamba hayo, na mama aliokota ngazi zilizomwagika chini. Alitaka kuiona michikichi ile. Ilikuwa imeng'olewa na mingine kupandwa. Akausogelea mmoja, akaupapasa shina, akasema, "Huu ni mtoto bado," tukaendelea.

Ng'ambo ya Lokutu iko Basoko, hapo maji ya Aruwimi yanapoingia katika mto Kongo, na mto hapo ni mpana, wenye visiwa vingi. Tulipanda mtumbwi wa injini kwenda juu. Abiria wengine walijifunika turubai kwa ajili ya mvua. Mama alikataa, akakaa mbele na mwavuli, akituuliza kila kitu kwa jina: kile ni kisiwa au ni majani yanayoelea? Yule ni mtu au ni kigogo? Mara nyingi alijibu mwenyewe kabla yetu, na mara nyingi alipatia.

Wavuvi wa Kilokele walitupita na mitumbwi yao myembamba. Mama alikumbuka ngoma zao za gogo, ambazo zamani zilipeleka habari kutoka kijiji hata kijiji. Ngoma hiyo ina sauti mbili, ya juu na ya chini, nayo hufuata kupanda na kushuka kwa maneno yenyewe. John Carrington, mmisionari Mbaptisti aliyekaa Yakusu, aliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1949. Siku hizi nahodha wetu alipiga simu, nayo ikazimika kabla hajamaliza salamu. Mama akacheka. "Ngoma haikuhitaji umeme."

Isangi, mahali ambapo Lomami unaungana na mto mkubwa, tulilala siku mbili kwa jamaa, tukasali Misa ya Dominika. Kisha tukavuka hadi Yangambi. Hapo Wabelgiji walianzisha mwaka 1933 makao makuu ya utafiti wa kilimo. Tulimweleza mama kwamba mwaka 1941 wataalamu wawili wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha siri ya mchikichi: wenye kokwa nene ukichanganywa na usio na kokwa huzaa ule wenye kokwa nyembamba na nyama nyingi, yaani mafuta mengi. Alisikiliza kwa makini, halafu akauliza kama wataalamu hao waliwahi kubeba mkungu kichwani. Mwalimu hapendi kukosa jibu, lakini tulikosa.

Kutoka Yangambi zipo kilometa kama 100 za barabara. Mara inauacha mto na kuingia msituni, mara inaurudia. Tulipumzika kila mama alipoomba, na hakuomba kwa uchovu: mara kununua kwanga, mara kutazama mwanamke akianika samaki. Mtoni Lindi tulingoja kivuko karibu saa tatu. Wenye pikipiki walilalamika. Mama alivua viatu, akatia miguu majini, akawahesabu ndege weupe waliotua ng'ambo. Alipata saba. Sisi tulipata tisa, lakini hatukusema.

Jicho la kulia lilipasuliwa siku ya Alhamisi. Kesho yake bandeji ilipoondolewa, alivihesabu vidole vya daktari bila kukosea, akamwambia kwamba koti lake halina kifungo cha pili. La kushoto tuliambiwa lingoje hadi kiangazi. Mama amekwisha kutoa agizo: safari hiyo nayo ni kwa njia ya mto.