Kusimulia Taabu Bila Kuvunja Sitara



Wazazi wengi hutujia siku hizi na karatasi mkononi. Zamani walikuja wakitaka barua ya kumtafutia mtoto mfadhili wa karo. Sasa huja na fomu za vyuo na za misaada ya masomo, na ndani yake limo swali moja linalowatatiza kuliko yote: mwanafunzi aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, mtihani uliomfika maishani na namna alivyoukabili. Fomu iitwayo Common Application, inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, vingi vyavyo vikiwa vya Marekani, humtaka mwombaji aandike maneno yasiyopungua 250 wala kuzidi 650. Miongoni mwa maswali anayopewa achague, limo hilo la kikwazo au kushindwa. Baadhi ya fomu za misaada ya hapa kwetu nazo huuliza jambo lilo hilo kwa njia zake.

Swali hili ni geni kwa malezi yetu. Sisi tuliosomea madrasa tulikulia utaratibu mwingine. Mtu akitaka kwenda kusoma Madina hutakiwa alete shahada zake pamoja na tazkiya, yaani ushahidi wa wanaomjua kuhusu dini yake na tabia yake. Mwingine ndiye anayekusemea. Wewe hunyamaza, na kunyamaza huko ndiko adabu. Tena Qur'ani yatukataza kuzitakasa nafsi zetu kwa ndimi zetu. Leo mtoto aliyelelewa hivyo aambiwa ajisemee mwenyewe, tena asiseme mazuri yake tu, bali alitoe na lililomuuma. Basi hupatwa na haya mbili kwa mpigo: haya ya kujisifu, na haya ya kuyatoa nje yaliyo nyumbani.

Haya ya kwanza ina dawa nyepesi. Nabii Yusuf (a.s.) alipotoka gerezani na kusimama mbele ya mfalme wa Misri, aliomba apewe hazina za nchi, akataja kuwa yeye ni mlinzi mwangalifu na mwenye ujuzi. Hakujikweza, alitaja sifa iliyohitajika, mahali ilipohitajika, kwa ajili ya kazi itakayowafaa watu. Kijana anayeandika kwamba aliamka kabla ya alfajiri miaka miwili mfululizo ili asome hajajisifu, maadamu ni kweli na ameulizwa.

Haya ya pili ndiyo nzito, na hapo twaomba ruhusa tueleze kisa kilichotufika miezi michache iliyopita. Twakieleza kwa idhini ya wenyewe wote watatu, na mtaa wao na majina yao tumeyasitiri.

Alitujia mama mmoja na bintiye, aliyekuwa mwanafunzi wetu wa madrasa alipokuwa mdogo. Binti alikuwa akiomba msaada wa kwenda kusoma ng'ambo. Baada ya salamu mama akaweka karatasi mbele yetu, akasema: "Sheikh, mimi sikatai mwanangu asome. Lakini haya aliyoyaandika siwezi kuyaridhia. Amemvua nguo kakake mbele ya watu wasiotujua." Binti akainamisha kichwa, akajibu kwa upole: "Maalim, swali lataka jambo la kweli. Na katika maisha yangu, la kweli ndilo hilo."

Tukaisoma ile karatasi. Kaka mtu alikuwa amezama katika unga, balaa ambayo hapana mtaa wa pwani hii usioijua. Binti alikuwa ameandika yote: nani alimwonjesha mara ya kwanza, vitu alivyoviiba, mtungi wa gesi uliotoweka, kikokotoo chake cha shule kilichouzwa wiki chache kabla ya mtihani, na usiku alioletwa nyumbani amebebwa. Yalikuwa maneno ya kweli, na msomaji hakosi kutokwa na chozi.

Kila mmoja wao alikuwa na haki. Mama alishika sitara, na sitara ni jambo kubwa: Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayemsitiri Mwislamu mwenziwe, Mwenyezi Mungu naye atamsitiri. Binti alishika ukweli, na ukweli ni nguzo. Imam Nawawi, katika Riyadhus Swalihin, amehesabu hali sita ambazo ndani yake yajuzu kumtaja mtu kwa aibu yake, kama vile kumshtakia hakimu dhulma au kutafuta fatwa. Kutafuta pesa za masomo hakumo waziwazi katika sita hizo. Kwa upande mwingine, kumwambia binti abuni shida nyingine isiyomfika ni kumfungulia mlango wa uwongo, nasi hatuwezi kumjenga mtoto kwa tofali la uwongo.

Tukairudia karatasi, safari hii tukihesabu. Karibu kila mstari ulimtaja kaka. Mwenyewe mwombaji alikuwemo katika mistari michache tu, naye humo alikuwa akilia. Tukamwambia: "Mwanangu, atakayesoma haya atamjua kakako vizuri sana. Wewe atakujua wapi? Kikokotoo kiliuzwa. Kesho yake asubuhi ulifanya nini?"

Akafikiri kidogo, kisha akaanza kueleza. Alikwenda kwa jirani akaomba awekewe vitabu vyake katika sanduku la nguo. Jirani akakubali, naye akamlipa kwa kuwafundisha wanawe wadogo hesabu baina ya magharibi na isha. Kikokotoo kingine hakukipata, basi akarudi kwenye kitabu cha majedwali ya hisabati, akajizoeza kufanya kwa mkono yale ambayo wenzake waliyafanya kwa kubonyeza. Mwezi wa kwanza alikuwa wa mwisho kumaliza zoezi darasani. Baadaye akagundua kwamba aona kosa ndani ya hesabu kabla ya kufika mwisho wake, jambo ambalo kikokotoo hakikuwahi kumfundisha. "Ndipo nilipoipenda hisabati, maalim," akasema. Hayo yote hayakuwemo katika karatasi.

Wafasiri wa Qur'ani wana neno zuri kuhusu Nabii Yusuf. Alipokutana tena na wazazi wake na ndugu zake, alitaja neema ya kutolewa gerezani, lakini kisima hakukitaja, ingawa kisima ndicho kilichotangulia. Wamesema alikinyamazia ili asiwafedheheshe ndugu zake waliomtupa humo, na fitina iliyopita baina yao aliinasibisha na shetani. Hakusema uwongo hata kidogo. Alichagua ni kipi katika mitihani yake kilicho haki yake kukisimulia.

Tukamshauri binti afuate mwendo huo: yaliyo ya kaka amwachie kaka, na yaliyo yake ayaandike yote. Kisha tukamwambia jambo la mwisho, kwamba hata huo mstari mmoja utakaobaki juu ya kakake, amwombe ruhusa. Kijana huyo, alhamdulillahi, sasa yuko katika matibabu, na kila siku huenda kunywa dawa yake ya methadone.

Siku chache baadaye binti akarudi. Alimsomea kakake karatasi mpya kwa Kiswahili, neno kwa neno. Juu yake aliandika tu kwamba nyumbani palikuwa na mgonjwa, na ugonjwa wake uliwagharimu vitu na usingizi. Kaka alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Andika. Lakini andika pia kwamba aliyekufundisha kujumlisha ni mimi." Na ilikuwa kweli. Alipokuwa mdogo, kaka yake alimkalisha barazani na kumfundisha hesabu kwa kokoto. Binti alikuwa amelisahau. Akalitia, na mama aliposomewa akatoa radhi zake.

Jawabu la maombi lilikuwa halijafika tulipoandika haya, nalo liko kwa Mwenyezi Mungu. Ila nyumba ile ilipata jambo kabla ya jawabu kufika.

Kwa wazazi wengine wenye fomu mkononi, twaona yafaa tuongeze mawili matatu. Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yetu watu wa pwani, alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra, akakua yatima. Amepokewa akisimulia kwamba mamake hakuwa na cha kumlipa mwalimu, na mwalimu akaridhika yeye awaangalie wanafunzi kila anapoondoka. Na kwamba alikuwa akiandika elimu juu ya mifupa kwa kukosa karatasi. Tazameni namna taabu inavyosimuliwa. Umaskini umetajwa kwa neno moja, mama ametajwa kwa heshima, na kilichobaki ni alilolifanya kijana. Mfupa mmoja ulioandikwa watosha kuliko kurasa tatu za kujililia.

La pili, jihadharini na wanaouza insha. Ni jambo lijulikanalo kwamba hapa Kenya wako vijana wengi wanaolipwa kuwaandikia wanafunzi wa nchi nyingine kazi zao, na sasa ziko pia programu za kompyuta zinazoandika kwa dakika moja. Mwenye kumnunulia mwanawe kisa cha maisha amemfundisha kutoa ushahidi wa uwongo juu ya nafsi yake mwenyewe. Kumsahihishia tahajia ni msaada. Kumtungia mtihani usiomfika ni ghushi.

La tatu ni lenu akina mama hasa. Mtoto asiachwe peke yake na swali hili. Kaeni naye baada ya isha, mwulizeni: "Lipi lilikuwa zito kwako, nawe ulifanya nini?" Msikilizeni bila kumkatiza. Huenda mkasikia jambo mlilokuwa hamlijui, nalo lilitokea ndani ya nyumba yenu. Kabla karatasi haijatumwa, aisome kwa sauti mbele ya kila aliyetajwa ndani yake. Neno asiloweza kulisoma mbele ya mwenyewe, alifute.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa walio majumbani mwetu, na atusitiri sote duniani na akhera. Amin.